Chuma Ndani ya Jiwe: Somo la Parthenon kwa Majengo Yetu ya Kale

Tunapofundishwa historia ya majengo makubwa, uharibifu wake huelezwa kwa vita na matetemeko ya ardhi. Hekalu la Parthenon mjini Athens ni mfano mmoja. Tarehe 26 Septemba 1687 kombora la jeshi la Venice lilipiga baruti ambayo Waturuki walikuwa wameihifadhi humo, na sehemu ya katikati ya hekalu ikalipuka. Habari hiyo inajulikana sana. Isiyosimuliwa sana ni ile ya madhara yaliyoletwa zaidi ya karne mbili baadaye na watu waliokuja kulitengeneza. Katika insha hii nitaeleza jinsi chuma kilichofichwa ndani ya mawe kilivyolindwa, kisha kikaachwa bila ulinzi, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Hoja yangu ni kwamba ukarabati usioanza kwa kuichunguza kazi ya waashi wa kwanza unaweza kulidhuru jengo kuliko kuliacha lilivyo.

Parthenon ilijengwa kati ya mwaka 447 na 432 KK. Mawe yake ya marumaru yalipangwa bila chokaa wala udongo kati yake. Ili yasiachane, waashi walichimba vijishimo kwenye mawe mawili yaliyopakana, wakalaza humo kibanio cha chuma, kisha wakamimina risasi iliyoyeyushwa. Risasi hapa ni ile metali laini na nzito, si ya bunduki. Ilifanya kazi mbili. Kwanza, ilikifunika chuma ili maji na hewa visikifikie. Pili, kwa kuwa ni laini, ilipokea mtikisiko wakati wa tetemeko badala ya kuuacha uvunje jiwe. Mahali ambapo risasi haikupasuka, mafundi wa siku hizi wamekuta vibanio vikiwa vizima baada ya zaidi ya miaka 2,400.

Ni muhimu kufahamu kutu inavyofanya kazi. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hugeuka kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Kwenye geti la nyumba hilo si tatizo kubwa, maana kutu hubanduka ikaanguka. Ndani ya jiwe haina pa kwenda. Husukuma pande zote mpaka jiwe linapasuka. Ufa huo huingiza maji zaidi, na maji huleta kutu zaidi.

Hicho ndicho kilichotokea katika karne ya 20. Baada ya tetemeko la mwaka 1894, mhandisi Nikolaos Balanos alikabidhiwa ukarabati, na kazi zake kwenye hekalu hilo ziliendelea kuanzia 1898 hadi 1933. Alisimamisha tena nguzo zilizoanguka na kuunganisha mawe kwa vyuma vingi, lakini hakuvifunika kwa risasi kama wale wa kale. Katika muda wa miongo michache vyuma hivyo vilishika kutu na marumaru ikaanza kupasuka. Mwaka 1975 serikali ya Ugiriki iliunda kamati ya kuhifadhi majengo ya Akropolisi. Mafundi wakalazimika kuyashusha mawe, kuvitoa vyuma vya Balanos, na kuweka vibanio vya titani, metali isiyoshika kutu. Vibanio hivyo hupimwa viwe dhaifu kuliko jiwe, ili tetemeko likija kibanio kiharibike kwanza na marumaru ipone.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Balanos aliuziba ufa, na bado ukuta ukapasuka. Methali inatuhimiza tuwahi, lakini haituambii tuzibe kwa kitu gani. Mtu anaweza kumtetea kwamba katika zama zake titani haikuwa ikitumika katika ujenzi. Ni kweli, lakini risasi ilikuwapo, na ushahidi wa matumizi yake ulikuwa ndani ya mawe yaleyale aliyoyashika. Aliiga chuma cha wazee akaacha kifuniko chake.

Somo hili linafika hadi pwani yetu. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash bin Said, inaunganisha kuta za mawe ya matumbawe na chokaa pamoja na nguzo na boriti za chuma. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya jengo hilo iliporomoka na watu wawili wakafa. Jengo la namna hii hudhoofishwa na mambo mengi kwa pamoja, yakiwemo uzito na maji yanayovuja kutoka paani. Lakini chuma kilicho kwenye ukuta wa matumbawe kando ya bahari kina adui mwingine, yaani chumvi, ambayo huharakisha kutu.

Kwa hiyo, ulinzi huanza na paa na mifereji ya maji kabla ya kugusa chuma chenyewe. Halafu ncha za boriti zilizofukiwa ukutani zifunuliwe, zisuguliwe kutu na kupakwa kinga kabla ya kufunikwa tena. Plasta nayo iwe ya chokaa, kwa sababu saruji ngumu huzuia ukuta wa matumbawe kukauka, na unyevu ukibaki ndani hukifuata chuma.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kubeba boriti, lakini tuna kazi yetu. Ujuzi wa kuchoma mawe kwenye tanuu, kuloweka chokaa na kupaka niru umehifadhiwa na waashi wa Unguja na Lamu, tena kwa lugha tunayoisoma. Tukiuandika wakati wao wangali hai, mhandisi wa kesho atapata pa kuanzia. Asipoupata, ataiga kile anachokiona kwa nje, kama alivyofanya Balanos, na safari hii watu wanaweza kuwa chini ya ukuta.