Kiunzi, Bamba na Jedwali: Historia ya Kutafuta Wepesi na Uimara katika Meli za Chuma, 1855–1908

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna waundaji meli wa Uingereza walivyotafuta kiunzi chepesi na imara kwa meli za chuma kati ya 1855 na 1908. Hoja kuu ni kwamba maarifa ya kupunguza uzito bila kupunguza uimara yalikuwapo nusu karne kabla ya kuenea katika meli za biashara. Kilichoyachelewesha ni desturi ya karakana, pamoja na kanuni zilizopima unene wa chuma badala ya kazi ya chuma. Mwisho, makala yanadokeza maana ya historia hiyo kwa nchi za Maziwa Makuu.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1858 vyombo viwili vya chuma vilishushwa majini Uingereza. Cha kwanza kilikuwa Great Eastern, chenye urefu wa mita 211, meli kubwa kuliko zote zilizokuwa zimeundwa hadi wakati huo. Cha pili kilikuwa Ma Robert, chombo kidogo cha mvuke kilichoundwa na John Laird huko Birkenhead kwa ajili ya safari ya David Livingstone katika Mto Zambezi.

Vyombo hivyo vilikabili swali moja: uzito wa chuma upunguzwe wapi? Ma Robert ilijibu kwa kupunguza unene. Mabamba yake yalikuwa ya feleji, ambayo wakati huo ilikuwa bado ngeni katika uundaji wa meli, na unene wake ulikuwa takriban milimita moja na nusu tu. Yaliliwa na kutu, yakavuja, na Desemba 1860 chombo kilizama mtoni. Great Eastern ilijibu kwa kupanga upya kiunzi, na ilidumu kwa takriban miaka 30 hadi ilipouzwa ili ivunjwe. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo kiini cha makala haya.

2.0 Urithi wa mbao

Kiunzi ni jumla ya mkuku, mataruma, boriti za sitaha na mihimili mingine inayoshikilia ganda la chombo. Katika vyombo vya mbao, utaratibu wa kukiunda hutofautiana. Mafundi wa mtepe wa pwani yetu walishona mbao za ganda kwanza, kisha wakatia mataruma ndani yake. Karakana kubwa za Ulaya zilisimamisha mkuku na mataruma kwanza, kisha zikapigilia mbao juu yake. Kwa utaratibu huo wa Ulaya, mataruma ndiyo yaliyobeba dhima kubwa, kwa sababu mbao zilizokalafatiwa haziwezi kushikana zenyewe kama kipande kimoja.

Chuma kilipoingia, waundaji wengi walibadili mata bila kubadili mpango. Walisimamisha mataruma ya chuma, yaliyokaribiana, kutoka upande mmoja wa meli hadi mwingine, kisha wakayavika mabamba. Hawakuzingatia vya kutosha kwamba mabamba yaliyounganishwa kwa ribiti ni tofauti na mbao zilizopangwa bega kwa bega. Mabamba hayo huwa mwili mmoja unaoweza kubeba nguvu kutoka omo hadi shetri.

3.0 Meli kama boriti

Meli inapopanda juu ya kilele cha wimbi, sehemu yake ya kati huinuliwa huku ncha zake zikining'inia. Sitaha huvutwa na sehemu ya chini hukandamizwa. Inapovuka bonde kati ya mawimbi mawili, hali hugeuka. Kwa hiyo meli ndefu ni boriti inayopindwa huku na huku maelfu ya mara. Katika boriti, kazi kubwa hufanywa na chuma kilicho juu kabisa na chini kabisa. Taruma linalokatiza meli kwa upana husaidia kutunza umbo na kustahimili msukumo wa maji ubavuni, lakini halisaidii chochote cha maana dhidi ya kupinda kwa urefu.

Ushahidi wa jambo hili ulitoka kwenye madaraja. Robert Stephenson alipokuwa akiandaa daraja la Britannia huko Wales, lililofunguliwa 1850, William Fairbairn na Eaton Hodgkinson walifanya majaribio ya mabomba makubwa ya chuma. Iligunduliwa kwamba sehemu ya juu, iliyokandamizwa, ilijikunja kabla ya ile ya chini kukatika. Tiba yake haikuwa kuongeza unene tu, bali kuligawa bamba katika vyumba virefu vinavyolizuia kujikunja.

Isambard Kingdom Brunel na John Scott Russell waliihamishia hoja hiyo baharini. Sehemu ya chini ya Great Eastern ilikuwa na maganda mawili, yaliyoachana kwa takriban sentimita 86 na kuunganishwa na mihimili inayokwenda kwa urefu wa meli. Sitaha ya juu nayo ilijengwa kwa vyumba. Badala ya msitu wa mataruma, umbo la meli lilitunzwa na kuta za kukingama. Hivyo kila mhimili wa urefu ulifanya kazi mbili: ulilizuia bamba lisijikunje, na wakati huohuo ulibeba sehemu ya mzigo wa kupinda. Agosti 1862 meli hiyo ilipasuliwa na mwamba karibu na New York, ikapata jeraha la urefu wa mita 25 hivi. Ganda la ndani lilishika, na meli ikafika bandarini.

4.0 Nguvu ya desturi na majedwali

Kama mpango huo ulikuwa bora, kwa nini haukufuatwa? Sababu ya kwanza ni biashara. Great Eastern iliwapa wamiliki wake hasara, na ni rahisi kwa wenye mitaji kuhukumu wazo kwa faida ya chombo kilicholibeba. Ya pili ni karakana: mataruma yakisimamishwa kwanza huonyesha umbo lote la meli, na fundi hupata mahali pa kutundikia bamba. Ya tatu ni shehena. Mihimili mirefu huhitaji fremu pana za kuishikilia, na fremu hizo hula nafasi ya marobota na masanduku.

Sababu ya nne inastahili uzito wa pekee. Mwaka 1855 Lloyd's Register ilitoa kanuni zake za kwanza za meli za chuma. Kanuni hizo zilikuwa majedwali: meli ya ukubwa fulani iwe na mabamba ya unene fulani na mataruma ya vipimo fulani. Jedwali lilimlinda mnunuzi dhidi ya fundi mdanganyifu, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, lilihifadhi pia mpango wa mataruma kana kwamba ndio tafsiri pekee ya uimara. Feleji bora ilipoanza kukubaliwa mwishoni mwa miaka ya 1870, vipimo viliruhusiwa kupunguzwa kwa hadi asilimia 20. Uzito ulipungua, lakini mpango ulibaki uleule. Na bamba jembamba kati ya mataruma hujikunja upesi zaidi kuliko bamba nene.

Jeshi la majini, ambalo halikufungwa na majedwali hayo, lilikwenda mbele. Katika HMS Bellerophon, iliyoshushwa 1865, Edward Reed alitumia mihimili ya urefu pamoja na mataruma yaliyopunguzwa uzito. Lakini uhuru nao una gharama yake. Septemba 1901 HMS Cobra, manowari nyepesi ya kasi, ilikatika vipande viwili katika Bahari ya Kaskazini, na watu 67 wakafa. Mahakama ya kijeshi iliona kwamba haikugonga kitu, na kwamba ilikuwa dhaifu kuliko manowari nyingine za aina yake. Baada ya msiba huo, manowari nyingine, HMS Wolf, iliwekwa katika gati kavu, ikaegemezwa kwanza katikati kisha kwenye ncha zake, na mikazo ya chuma chake ikapimwa. Wepesi uliacha kuwa jambo la kukisia. Ukawa jambo la kupimwa.

5.0 Kutoka ndani ya kanuni

Mabadiliko katika meli za biashara yaliletwa na mtu aliyeyajua majedwali kwa undani. Joseph Isherwood alikuwa mkaguzi wa Lloyd's Register kwa takriban miaka kumi. Mwaka 1906 alipata hataza ya mfumo wa mihimili ya urefu iliyokaribiana, ikishikiliwa na fremu chache nzito za kukingama. Mwaka 1908 meli ya kwanza kubwa ya mfumo huo, Paul Paix, ilishushwa kutoka karakana ya R. Craggs and Sons huko Middlesbrough.

Paul Paix ilikuwa meli ya mafuta, na uteuzi huo ulikuwa wa busara. Mafuta hayajali fremu pana, huzizunguka. Kikwazo cha shehena kiliondoka, na faida ya uzito ikabaki. Mfumo huo ulienea upesi katika meli za aina hiyo. Baadaye meli nyingi za shehena kavu zilichukua njia ya kati: mihimili ya urefu chini na kwenye sitaha, ambako kupinda ni kukubwa, na mataruma ubavuni.

6.0 Hitimisho na maana yake kwa Maziwa Makuu

Meli za kwanza kubwa za maziwa yetu zilifika vipandevipande. Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku takriban 5,000 na kuunganishwa upya Kigoma, ambako ilishushwa ziwani 1915. Ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 imejulikana kwa jina la Liemba. Katika hatua hiyo ya kihistoria, mafundi wa Kigoma waliunganisha hesabu iliyokwisha kufanywa mahali pengine. Leo meli kubwa zinaundwa Mwanza kwenyewe, na mamlaka za nchi zinazopakana na maziwa zinalazimika kuhukumu michoro, si kupokea masanduku tu.

Historia iliyoelezwa hapa inatoa mambo matatu. Kwanza, kanuni inayotaja unene peke yake inaweza kupitisha chombo dhaifu na kukataa chombo imara; inafaa idai pia hesabu ya kupinda na ya kujikunja kwa mabamba. Pili, kanuni isiyo na kipimo chochote ni hatari vilevile, kama Cobra ilivyoonyesha. Tatu, mageuzi ya Isherwood yalitokana na ujuzi alioupata katika ukaguzi. Nchi inayomwona mkaguzi kuwa mtu wa kupiga mihuri tu hujinyima chemchemi hiyo ya maarifa. Bamba lililoliwa na kutu hubadilishwa kwa siku chache, lakini kiunzi kilichopangwa vibaya hakirekebishwi ila kwa kuiunda meli upya, na mara nyingi kosa lake hugunduliwa abiria wakiwa ndani.