Dhuluma

Dhuluma ni kumnyima mtu haki yake, au kumtwika asilostahili, kwa nguvu, hila au cheo. Neno hili latokana na Kiarabu, ambamo shina lake ndilo shina la neno la giza. Atendaye huitwa dhalimu.

Katika pwani ya Afrika Mashariki haikupata kuwako dhuluma iliyoishinda biashara ya watumwa, ambayo katika karne ya 19 ililifanya soko la Mkunazini, Unguja, kuwa mahali ambapo waja wa Mungu waliotekwa bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, walikaguliwa meno na viungo mithili ya wanyama, kisha wakauzwa kwenda kutumika katika mashamba ya mikarafuu au ng'ambo ya bahari. Sultani Barghash bin Said alilifunga soko hilo mwaka 1873 kwa mkataba na Waingereza. Lakini hadhi ya utumwa katika sheria haikufutwa Unguja na Pemba ila mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922.

Madhara yake hayakwisha kwa amri. Aliyezoea kumhesabu binadamu mwenziwe kuwa bidhaa aliharibika moyo yeye mwenyewe, na wajukuu wa waliouzwa wakalazimika kuificha nasaba yao. Hata neno mjinga, ambalo zamani aliitwa mtumwa mgeni asiyejua mambo ya pwani, lingali vinywani mwetu.

Mahali pa soko lile pamesimama kanisa kuu la Kianglikana, lililoanza kujengwa mwaka ule ule wa 1873.