Jezi ya Zanzibar na Swali la Katanga

Mtu wa Kasongo akisikia Zanzibar, kinachomjia kwanza ni misafara. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip, alitoka kisiwani, akaifanya Kasongo ya zamani, ile ya Tongoni, kuwa makao yake katika miaka ya 1870, na mji ukabaki mikononi mwa watu wake mpaka majeshi ya Mbelgiji Dhanis yalipouteka Aprili 1893. Kiswahili chetu, misikiti yetu na mpunga tunaolima vinatokana na historia hiyo, na machungu ya utumwa pia yanatokana nayo. Ila kisiwa hicho kina historia nyingine ambayo huku Maniema haisimuliwi sana, nayo ni ya mpira. Zanzibar ina timu ya taifa, ina ligi yake na shirikisho lake, imecheza na majirani tangu mwaka 1949, na bado haimo FIFA wala si mwanachama kamili wa CAF. Mkongomani akiisikia habari hiyo atauliza swali ambalo Mtanzania hana sababu ya kuliuliza: kama Zanzibar inastahili timu ya taifa, Katanga je? Swali hilo ni zito, na watu waliokufa kwa ajili ya umoja wa Kongo wanastahili lijibiwe kwa ushahidi. Nionavyo mimi, timu ya taifa hutokana na miaka mingi ya mechi na majirani walioikubali kama nchi. Kwa kipimo hicho Zanzibar inastahili na Katanga haistahili, na CAF ilikosea mwaka 2017 ilipopima kwa cheti cha dola peke yake.

Mpira uliingia Unguja kwa njia mbili. Wafanyakazi Waingereza wa kampuni ya simu za nyaya walicheza wao kwa wao, na huko Kiungani, shule ya misheni ya UMCA iliyopokea watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, wanafunzi Waafrika walifundishwa mchezo huo kabla ya sehemu nyingi za bara kuuona. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa na watoto wao walijaa Ng'ambo, upande wa pili wa hori linaloutenga na Mji Mkongwe. Wamanyema walikuwamo: wapagazi waliofika na pembe za ndovu wasirudi, na wengine waliofikishwa pwani kwa nguvu. Dar es Salaam nako walikuwa wengi hata Kariakoo ikawa na msikiti unaoitwa kwa jina lao. Kwa hiyo mpira wa Ng'ambo ulikuzwa na watu wa asili nyingi, baadhi yao wa kutoka kwetu, walionyimwa heshima mjini wakaitafuta uwanjani. Viwanja vya Mnazi Mmoja, kati ya Ng'ambo na mji wa mawe, vilikuwa mahali ambapo mtoto wa mtumwa aliweza kumfunga mtoto wa bwana mbele ya umati. Vilabu vikawa pia shule ya uongozi, kwa sababu klabu inahitaji mwenyekiti, mweka hazina, kanuni na mikutano, mambo ambayo serikali ya kikoloni haikuwapa Waafrika nafasi ya kuyafanya kwingine. Abeid Amani Karume, aliyekuja kuwa rais wa kwanza baada ya mapinduzi ya 1964, alikuwa mtu wa African Sports Club kabla hajawa mtu wa siasa. Mpira wa namna hii haukupangwa na gavana. Ulikuwa na mizizi yake wakati watawala walipoanza kuutumia.

Kombe la Gossage, lililodhaminiwa na kampuni ya sabuni, lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika ikaingia 1945, Zanzibar ikafuata 1949. Tuuangalie huo mwaka. Umetangulia uhuru wa Zanzibar wa Desemba 1963 kwa miaka 14, na Muungano wake na Tanganyika wa 26 Aprili 1964 kwa miaka 15. Umeitangulia hata CAF, iliyoundwa 1957. Maana yake, Kenya, Uganda na Tanganyika zilipokubali kupeleka timu zao kucheza na Zanzibar, hakuna hata moja kati ya nchi hizo iliyokuwa dola huru, na hakuna aliyeuliza ni nani mwenye kiti Umoja wa Mataifa huko New York. Zote zilikuwa nchi zilizo chini ya Mwingereza zilizotambuana kwa kupigiana mpira. Anayesema leo kwamba hadhi ya timu lazima itanguliwe na hadhi ya dola aeleze kwa nini timu hizo nne zilizaliwa zote kabla ya dola, na kwa nini kipimo hicho kiiangukie moja tu kati yao.

Muungano ungeweza kuimaliza timu hiyo. Zanzibar iliyokuwa imepokewa Umoja wa Mataifa Desemba 1963 ilipoteza kiti hicho baada ya miezi michache, na mambo ya nje, ulinzi na uraia yakawa ya Muungano. Michezo haikuwamo katika orodha hiyo mwaka 1964, na haijaingizwa tangu hapo, ingawa orodha yenyewe imeongezwa sana. Kwa sheria za Tanzania zenyewe, basi, michezo ya Zanzibar iko chini ya Serikali ya Mapinduzi. Timu ikaendelea kucheza Gossage hadi kombe hilo lilipokoma 1966, ikacheza Challenge iliyofuata, ikaingia CECAFA, chama cha mpira cha Afrika Mashariki na Kati, ikiwa mwanachama kama wengine. Kwa muda mrefu ilikuwa ya kufungwa. Gossage haikulichukua hata mara moja. Kombe la kwanza lilikuja mwaka 1995, huko Uganda, miaka 46 tangu mechi za mwanzo. Timu isiyo na historia haivumilii kushindwa miaka 46. Inavumilia timu ambayo watu wameshaihesabu kuwa yao, wala hawaipendi kwa ajili ya makombe.

Mwaka 2017 ndio unaoonyesha jambo lote kwa karibu. Tarehe 16 Machi, mkutano mkuu wa CAF huko Addis Ababa uliipandisha Zanzibar, iliyokuwa mwanachama mshiriki tangu 1980, kuwa mwanachama kamili wa 55. Siku hiyohiyo Issa Hayatou aliangushwa na Ahmad Ahmad wa Madagascar. Unguja na Pemba watu walisherehekea. Tarehe 21 Julai, mkutano mwingine, Rabat, ukaufuta uanachama huo. Ahmad alieleza kwamba katiba ya CAF hairuhusu vyama viwili kutoka nchi moja, na kwamba nchi ni ile inayotambuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Ilikuwa imepita miezi minne tu. Kisha Desemba ikaja CECAFA ya Kenya. Vijana wa kocha Hemed Suleiman, anayejulikana kwa jina la Morocco, waliifunga Tanzania Bara 2–1 kwenye makundi, wakawatoa Uganda, waliokuwa mabingwa watetezi, kwa 2–1 kwenye nusu fainali, wakafika Machakos tarehe 17 Desemba kucheza na wenyeji. Kenya ilitangulia mapema. Khamis Mussa Makame akasawazisha dakika chache kabla ya mwisho. Kenya ikapata la pili katika muda wa nyongeza, Makame akasawazisha tena, na Kenya ikashinda kwa penalti 3–2 baada ya kipa Patrick Matasi kupangua tatu. Timu iliyoambiwa Julai kwamba si ya nchi ilikuwa imebakiza penalti moja au mbili kuwa bingwa wa kanda.

Wapo watakaosema Rabat ilifuata sheria, na ni kweli ilifuata maandishi. Lakini maandishi hayo hayatumiki kwa wote sawasawa. Uingereza ni dola moja, na England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina viti vinne FIFA kwa kuwa zilikuwa zinacheza kabla ya FIFA kuwapo. Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark, viliingia FIFA 1988. Gibraltar, mji mdogo chini ya Uingereza, uliingia UEFA 2013 na FIFA 2016. Curaçao, sehemu ya Ufalme wa Uholanzi, imefuzu Kombe la Dunia la 2026. Katiba ya FIFA yenyewe inaruhusu chama cha eneo lisilo huru kuomba uanachama kwa idhini ya chama cha nchi inayolitawala. Zanzibar inakwama katikati hapo. Haitawaliwi na Tanganyika ili iitwe koloni, kwa kuwa iliungana nayo kwa hiari ya mkataba, na haina kiti cha dola ili iitwe nchi. Kisiwa ambacho bado kiko chini ya Ulaya kina mlango, na kisiwa kilichoungana na ndugu zake Waafrika hakina. CAF ni chama cha Afrika, na kinapaswa kuona ubaya wa mpangilio unaoadhibu muungano na kuacha njia kwa ukoloni.

Sasa Katanga. Moïse Tshombe alitangaza kujitenga Julai 1960, na jambo hilo likaisha Januari 1963 baada ya damu nyingi. Mpira wa Lubumbashi ulikuwa na nguvu tangu zamani: klabu tunayoiita leo TP Mazembe ilianzishwa na watawa Wabenediktini mwaka 1939. Lakini Katanga haikuwa na kiti katika mashindano ya majirani, si kabla ya 1960 wala baada yake. Nguvu zake zilipitia timu moja ya Kongo. Januari 1968, huko Addis Ababa, Kongo ilipochukua Kombe la Afrika kwa kuifunga Ghana 1–0, bao lilikuwa la Pierre Kalala, mshambuliaji wa Englebert ya Lubumbashi, jina la zamani la Mazembe, miaka mitano tu baada ya kujitenga kuisha. Maniema nayo ni hivyo: AS Maniema Union ya Kindu, iliyocheza makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika msimu wa 2024–25, ni klabu ya jimbo, na mashabiki wake wakivua jezi yake huvaa ya Leopards, timu ya taifa ya Kongo. Kukubali Zanzibar hakumfungulii mlango mtu wa kujitenga, kwa sababu mlango wenyewe ni rekodi ya miaka zaidi ya 70, na rekodi haiwezi kutangazwa redioni asubuhi moja.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wachezaji. Nadir Haroub, Cannavaro, alikuwa nahodha wa Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, huku akiwa wa Zanzibar Heroes, timu ya Zanzibar. Feisal Salum ametoka Unguja naye ni nguzo ya Taifa Stars. Hata kocha Morocco alikabidhiwa Taifa Stars Januari 2024 katikati ya AFCON ya Ivory Coast, akaiwezesha kufuzu AFCON iliyofuata. Kama Wazanzibari wanapata yote hayo kupitia Tanzania, wanadai nini? Pingamizi hili ni la kweli, na wanaotaka kisiwa kiingie FIFA hawalijibu vya kutosha. Siku Zanzibar ikipata kiti kamili, kijana wa Pemba atalazimika kuchagua jezi moja, na huenda asipate tena nafasi ya kucheza AFCON katika maisha yake. Comoro wamevuka kikwazo hicho, wakaifunga Ghana 3–2 kwenye AFCON ya Januari 2022, ila kwa msaada wa vijana waliolelewa katika vilabu vya Ufaransa, msaada ambao Zanzibar haina kwa kiasi hicho. Tofauti na Katanga ni kwamba Kalala alikuwa na njia moja, na Mzanzibari amekuwa na mbili tangu 1964. Kuzitambua zote mbili ni bora kuliko kuziba yoyote kati yake.

Kuna pia walaumuo uongozi wa mpira wa Zanzibar wenyewe, na wana sababu. Vyama vimegombana, na ligi imetegemea mno vikosi vya serikali: KMKM ni cha kuzuia magendo, JKU ni cha kujenga uchumi, Mafunzo ni cha magereza. Klabu za mitaa kama Malindi, ya tangu 1942, zinahangaika mbele ya timu zenye mishahara ya serikali. Ila hiyo ni sababu ya kuusaidia mpira huo, na msaada una njia yake. FIFA imetenga hadi dola milioni 8 kwa kila chama mwanachama katika mzunguko wa 2023–2026. Zanzibar, yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, haipewi fungu lake, na kinachofika kinapita kwa TFF, shirikisho la Tanzania. Wakati huohuo CAF imeutumia uwanja wa Amaan kwa mechi za CHAN Agosti 2025, na Januari mwaka huo Zanzibar iliifunga Burkina Faso 2–1 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi huko Gombani, Pemba. TFF na ZFF, shirikisho la Zanzibar, zinaweza kuandikiana leo mkataba wa mgao wa fedha hizo, kwa idadi ya vilabu na vituo vya vijana vya kila upande, bila kungoja kura ya FIFA huko Zürich wala ya CAF huko Cairo. CAF nayo ikubali kwa maandishi kwamba timu iliyocheza na majirani tangu 1949 itaendelea kucheza nao, na kwamba mchezaji wake hatanyimwa Taifa Stars kwa sababu hiyo.