Malale, Uchovu na Mavune

Katika viunga vya Mpanda, ambako ndorobo wa miombo wamewaudhi warina asali tangu dahari, neno malale, ijapokuwa limetokana na kulala, halimtukani mgonjwa, kwani maradhi hayo yana kidudu, na tabibu huweza kumwonyesha kila mwenye shaka kwa darubini, ama katika damu ama katika maji ya uti wa mgongo. Uchovu haukujaaliwa hivyo. Ukimwita mtu mchovu umekwisha mvunjia heshima; na madaktari wanenapo uchovu sugu, yaani ule udhaifu usioondolewa na usingizi, unaozidi hata baada ya kufua nguo mbili tatu, jirani husikia uvivu tu.

Mwaka 2014 wataalamu wa Japani, walipowapiga picha za ubongo wagonjwa 9 wa uchovu sugu na wazima 10, waliona kwa wagonjwa dalili za uvimbe. Lakini wenzao wa Uholanzi, walipojaribu baadaye, hawakuziona. Ushahidi, basi, ungali haba. Hata hivyo pwani wazee walikuwa na mavune, maumivu ya viungo baada ya kazi nzito, neno lisilomlaumu mtu, nami ningelipendelea hilo.