Kabla ya Bumu, Chuo Kilipika

Baba yangu mdogo alimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1980 bila kujua bei ya kilo ya mchele. Hakuwa na sababu ya kuijua. Alitoka Tabora kwa treni, kwa waranti ya serikali, akapewa kitanda bwenini na akala kafeteria mara tatu kwa siku. Fedha kidogo iliyopita mkononi mwake ilikuwa ya sabuni na nauli ya kwenda mjini Jumamosi.

Ndivyo walivyoishi wanafunzi wengi baada ya Azimio la Arusha la 1967. Chuo kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani, kilikuwa kikiandaa wataalamu wachache wa nchi changa, na nchi iliona ni wajibu wake kuwalisha. Kupanga matumizi ilikuwa kazi ya wapishi na wahasibu.

Kisha uchumi ukayumba. Mwaka 1992 serikali ilianza uchangiaji wa gharama za elimu ya juu. Awamu ya kwanza ilirudisha nauli na ada ndogondogo kwa mzazi. Iliyofuata iligusa chakula na malazi: mwanafunzi akakopeshwa fedha, ajilishe mwenyewe. Sheria ya 2004 iliunda Bodi ya Mikopo, ikaanza kazi mwaka 2005.

Mimi niliingia Mlimani mwaka 2009. Kiwango kilikuwa shilingi 5,000 kwa siku, lakini bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo ya kujikimu kwa chakula na malazi, halikuja kwa siku. Lilikuja kwa mkupuo wa siku 60, yaani shilingi 300,000, baada ya kusaini kwenye foleni ndefu. Sikuwahi kushika fedha nyingi kiasi hicho. Nyumbani nako walijua limetoka: mdogo wangu alikuwa akidaiwa ada ya sekondari, nikatuma. Wenzangu wengi walituma pia. Anayedhani bumu lote huishia kwenye nguo na starehe angesimama siku ile kwa wakala wa M-Pesa, aone fedha zikielekea vijijini.

Hakuna aliyetufundisha kupanga matumizi ya fedha hiyo, tukajitungia taratibu. Chumbani kwetu, siku ya kusaini, kila mmoja alitoa mchango wa unga, mchele, maharage na mafuta kabla ya kununua kingine chochote, na mmoja wetu akawa mhazini. Deni la kwenye daftari la mama ntilie lililipwa siku hiyohiyo, maana yeye ndiye aliyetuvusha wiki za mwisho. Bumu lilipokata tulipiga pasi ndefu: mlo mmoja, saa kumi jioni, hadi kesho yake. Aliyekosa mkopo tulimbeba. Alilala kitanda kimoja na rafiki yake, na sahani yake ikahesabiwa katika mchango wetu.

Kiwango kimepanda tangu hapo: 7,500 mwaka 2011, baadaye 8,500, na 10,000 kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Bei za vyakula hazikubaki nyuma. Na mgeni wa mwaka wa kwanza bado anakabidhiwa fedha ya chakula cha miezi miwili kwa siku moja.

Inaniuma kusikia vijana hawa wakiitwa wabadhirifu na watu waliolishwa na chuo. Baba mdogo hakuwa na nidhamu kuliko wao. Hakuwahi kupewa jaribu hilo. Tuliwakabidhi vijana kazi ya jiko na ya ofisi ya uhasibu, bila kuwafunza hata moja. Wiki ya kupokea wanafunzi wapya huwaonyesha maktaba na kanuni za mitihani. Iongezwe saa mbili za bumu: tenga chakula cha siku zote 60 kwanza, waambie wa nyumbani mapema kiasi unachoweza kutuma, kumbuka kwamba kila shilingi ni deni litakalokatwa kwenye mshahara wako. Wayafundishe hayo wanafunzi wa mwaka wa tatu, maana wao wameshalala njaa na kuyajua.