Gramu Chache za Farumi: Historia ya Kichezeo Kinachoteleza Chini ya Maji

Katika vichezeo vyote vya majini, kile kinachoteleza chini ya uso wa maji bila injini, bila kamba na bila upepo ndicho kigumu kuliko vyote kukibuni, kwa kuwa mashua ya kuchezea hutakiwa kuelea tu na jiwe hutakiwa kuzama tu, ilhali kichezeo hiki hutakiwa kuzama polepole kiasi cha kuyapa mabawa yake wasaa wa kuugeuza mshuko kuwa mwendo wa mbele. Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki huita farumi ule mzigo wa mawe au mchanga unaowekwa ndani ya chombo kitupu ili kisiyumbe wala kupinduka, na neno hilo linafaa sana hapa, maana historia ya kichezeo hiki ni historia ya farumi, yaani ya gramu chache na mahali zinapokaa, zaidi ya kuwa historia ya umbo au ya nguvu.

Maandishi ya kale yanayohusika moja kwa moja na jambo hili yalichapishwa Roma mwaka 1648 na Raffaello Magiotti, mmoja wa wafuasi wa Galileo, aliyetaka kuthibitisha kwamba maji hayabanwi kama inavyobanwa hewa. Alieleza kichupa cha kioo chenye hewa, kilichoachwa tundu kwa chini na kutiwa ndani ya chombo kilichojaa maji hadi juu: kidole kikibonyeza mdomo wa chombo, maji kidogo huingia kichupani, hewa iliyomo husongamana, na kichupa huzama, kidole kikilegezwa, hewa hutanuka, huyasukuma maji nje, na kichupa hupanda. Baadaye watu walikiita kichupa hicho mzamiaji wa Descartes, ingawa hakuna ushahidi kwamba Descartes alihusika nacho, na hivyo ndivyo sifa za Magiotti zilivyomwendea mtu mwingine. Hata hivyo mzamiaji huyo alijua njia moja tu, ya juu na chini.

Njia ya mbele ilipatikana hewani. Mwaka 1804 Mwingereza George Cayley, aliyeishi Brompton katika Yorkshire, alifunga bawa la umbo la tiara juu ya ufito wenye urefu wa kama mita moja na nusu, akauwekea mkia unaogeuzwa kila upande, kisha akatundika upande wa mbele kipande cha uzito kilichoweza kusogezwa. Kipande hicho ndicho chenye maana kubwa zaidi katika kazi yake yote, kwa sababu alipokisogeza kidogo mbele au nyuma, ufito uleule uliokuwa ukianguka ovyo ulianza kushuka kwa mteremko mrefu na mtulivu.

Kanuni hiyohiyo hutawala majini, isipokuwa maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na kwa hiyo kila kosa huonekana polepole na kwa uwazi. Kila kilichomo majini husukumwa juu na kanieleza, yaani kani inayolingana na uzito wa maji yaliyoondolewa na kitu hicho, na kani hiyo huwa kama imeshikizwa katikati ya ujazo wake, huku uzito ukishikizwa mahali pengine. Mbunifu huuweka uzito chini kidogo ya kitovu cha kanieleza ili kichezeo kisibiringike, na mbele yake kidogo ili omo, yaani sehemu ya mbele, itangulie kuinama. Uzito ukizidi mbele, kichezeo huenda chini kama chubwi ya mvuvi. Ukirudi nyuma mno, omo huinuka, mwendo hukatika, na chombo huyumba huku na huku kama jani la mkungu linalozama.

Umbo lililozoeleka madukani, lile la mwili mrefu uliochongoka wenye mapezi nyuma, limeazimwa kutoka kwa silaha. Robert Whitehead, mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi Fiume (leo Rijeka, Kroatia), alitengeneza mwaka 1866 topido iliyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na baada ya muda akaiongezea kifaa cha kuilinda isipande wala kushuka kupita kina kilichowekwa, kilichofichwa kwa bidii hata kikaitwa Siri. Kichezeo kilichukua sura ya topido na kuiacha siri yake.

Mwaka 1954, mwaka uleule ambao nyambizi ya kwanza ya nyuklia, Nautilus, iliteremshwa majini nchini Marekani, kampuni ya Kellogg's iliwapa watoto walionunua vyakula vyake vya nafaka nyambizi ya plastiki iliyotosha kiganjani. Chini ya tumbo lake palikuwa na kishimo cha kushindilia beking pauda, ule unga mweupe wa kuumulia keki. Maji yalipoufikia, kiputo cha gesi kilijikusanya chini ya chombo na kukiinua, kikapenya na kupasuka juu ya maji, na chombo kikazama tena kusubiri kiputo kingine. Ni vigumu kupata ubunifu wa bei ndogo kuliko huo uliofundisha fizikia kwa ukamilifu kiasi hicho.

Kichezeo cha kutupwa kwa mkono, kinachotumika bwawani na ufukweni, kina tatizo ambalo nyambizi ya Kellogg's, ya kuchezewa karaini, haikuwa nalo, nalo ni chumvi. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo moja, na ya maji ya bahari ina takriban gramu 1,025. Ndiyo sababu meli zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam huchorwa ubavuni alama tofauti za kina cha kupakia, ya maji baridi na ya maji ya chumvi. Kichezeo chenye ujazo wa sentimita za ujazo 300 na uzito wa gramu 305 huzama taratibu bwawani, kwa kuwa kimezidi maji kwa gramu 5. Kikipelekwa baharini, maji yanayoondolewa huwa na uzito wa gramu 307 na nusu, na kichezeo kilekile huelea. Hewa nayo ni adui, kwa kuwa katika kina cha mita 2 tu kanieneo, yaani mgandamizo wa maji na hewa iliyo juu yake, huongezeka kwa sehemu moja ya tano, na mwili laini uliojaa hewa hunywea na kuzama kwa kasi zaidi kila unaposhuka. Kwa hiyo ni bora kuacha matundu maji yaingie, kisha kuweka povu gumu kwa juu na uzito unaoweza kuongezwa kwa chini.

Usalama uliingia kwa kuchelewa. Vijiti vya plastiki vya kuokotwa na wazamiaji, vilivyosimama wima sakafuni mwa bwawa, viliwachoma na kuwajeruhi vibaya watoto walioviangukia katika maji ya kina kifupi, na mwaka 2001 Marekani ilipiga marufuku vile vigumu vinavyosimama kwa pembe ya nyuzi 45 au zaidi. Kichezeo kinachotua kwa ubavu hakina hatari hiyo.

Wataalamu wa bahari nao waliifikia kanuni ileile ya kichezeo hiki, ya kuugeuza mshuko kuwa mwendo wa mbele. Mwaka 1989 Henry Stommel, akifuata wazo la mhandisi Doug Webb, aliandika makala iliyojifanya kuandikwa mwaka 2021, akiwaza makundi ya vyombo vidogo vyenye mabawa vikizunguka bahari kwa kubadili ujazo wao tu. Vyombo hivyo vilipewa jina la Slocum, baharia wa kwanza kuizunguka dunia peke yake, na vilipoundwa vilipanda na kushuka kwa pampu, kama kichupa cha Magiotti, na kuinamisha omo kwa kusogeza betri, kama alivyosogeza Cayley uzito wake. Kimoja chao, RU17 cha Chuo Kikuu cha Rutgers, kilipotea karibu na visiwa vya Azores mwaka 2008. Mwenzake, Scarlet Knight, aliondoka New Jersey tarehe 27 Aprili 2009 na kuopolewa karibu na Baiona, Hispania, tarehe 4 Desemba, baada ya siku 221 na zaidi ya kilomita 7,000, bila rafadha.