Kufungua na Kuunga Bastola: Habari ya Tupa na Kipimo

Bastola ya gumegume si chombo kigumu kukifungua. Zana zake ni chache: bisibisi, kijiti cha chuma cha kusukumia pini, nyundo ndogo, na jiliwa ya mkono ya kuibania kamani kubwa ya mtambo. Hiyo jiliwa haina budi kuwapo, maana kamani ikitolewa bila ya kubanwa huruka au huvunjika. Parafujo za ubavuni zikisha kulegezwa, mtambo wote hutoka katika ubao wake, na ndani yake huonekana kamani, meno, na kile kikono kidogo kiyashikacho meno mpaka kifyatulio kivutwe. Kuunga ni kuirudia njia ile ile kinyumenyume.

Taabu huanza pale bastola mbili za mfano mmoja zinapofunguliwa juu ya meza moja, na vipande vyao vikachanganyika. Kwa macho havitofautiani. Lakini fundi akiviunga ovyo, parafujo hii itakataa tundu lake, na meno yale hayatashikwa. Sababu ni kwamba kila kipande kilisuguliwa kwa tupa mpaka kikapatana na jirani yake, wala hakikupimwa kwa kingine chochote duniani. Kwa hiyo mafundi wa Ulaya na Marekani walizoea kutia alama katika upande wa ndani wa vipande, mikwaruzo miwili hapa, mitatu pale, ili kila kimoja kijulikane ni cha nani. Habari ya kufungua na kuunga bastola, ikitazamwa vema, ni habari ya alama hizo na ya juhudi ya kuziondoa.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi daraja tatu za silaha hizi: bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe, na bunduki ya fataki. Majina yote matatu yataja kile kiwashacho baruti. Badiliko jingine, ambalo huenda lilikuwa kubwa kuliko hayo, halikuachia lugha jina lolote, kwa kuwa halionekani kwa nje: ni kule kupatana kwa vipande.

Katika mwaka wa 1785 Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani katika Ufaransa, alikwenda kuitazama kazi ya fundi mmoja, Honoré Blanc. Blanc alimwekea mbele yake vipande vya mitambo 50 iliyokwisha kufunguliwa. Jefferson akaokota vipande bila ya kuchagua, akaunga mitambo kadhaa kwa mikono yake mwenyewe, na yote ikakubali. Aliandika kwao habari hiyo kwa furaha, naye aliona upesi faida yake: silaha iliyoharibika vitani ingeweza kutengenezwa pasipo fundi wa tupa.

Watu wengi wamezoea kumpa sifa ya jambo hili Mmarekani Eli Whitney, aliyepata mkataba wa bunduki 10,000 katika mwaka wa 1798. Sifa hiyo imezidi kiasi. Mwaka wa 1801 aliwaonyesha wakubwa wa serikali mitambo iliyoingia katika bunduki mbalimbali kwa bisibisi tu. Lakini mtambo mzima kuingia katika ubao ni jambo moja, na vipande vya ndani ya mtambo kubadilishana ni jambo jingine kabisa. Bunduki zake zilizosalia zimechunguzwa, na ndani yake mkono wa tupa umeonekana, pamoja na alama zile zile za zamani. Tena kazi aliyoahidi kuimaliza kwa miaka miwili haikwisha ila mwaka wa 1809.

Aliyestahili kukumbukwa zaidi ni Simeon North wa Connecticut, na kazi yake ilikuwa ya bastola. Mkataba wake wa mwaka wa 1813, wa bastola 20,000, ulisharti kwamba kipande chochote cha bastola moja kifae katika bastola nyingine yoyote katika hizo zote. Kuandika hivyo katika karatasi ni rahisi kuliko kukilazimisha chuma kutii. Aliyekishurutisha chuma ni John Hall, katika karakana ya serikali ya Harpers Ferry. Yeye alitumia vipimo 63 kwa bunduki yake, na wakaguzi waliotumwa katika miaka ya 1826 na 1827 walikiri kwamba vipande vyake vilibadilishana kweli.

Mafundi hawakulipokea zamani jipya kwa mikono miwili. Mtu aliyetumia ujana wake kujifunza tupa hawezi kufurahi kuambiwa kwamba kipimo cha chuma chajua kuliko vidole vyake, wala kwamba sasa atafanya kazi kwa saa na kwa amri. Januari 1830 msimamizi wa karakana ya Harpers Ferry, Thomas Dunn, aliyekuwa akikaza nidhamu, aliuawa kwa risasi na fundi aliyekuwa amefukuzwa kazi. Uuaji hauna udhuru. Hata hivyo waonyesha uchungu uliokuwamo.

Wala alama hazikutoweka mara moja. Katika bastola za Samuel Colt, zilizowashangaza watu wa London katika maonyesho ya mwaka wa 1851, kabari moja ikigongwa itoke, mtutu huachana na mwili, na silinda hutelezea nje. Lakini nambari moja imepigwa katika mtutu, mwili, silinda, hata katika kabari yenyewe, kwa kuwa tupa ilikuwa bado ikimalizia kazi ya mashine. Bastola ya Luger, iliyopokewa na jeshi la Ujerumani mwaka wa 1908, ilichukuliwa katika mkoba wenye kijifuko cha bisibisi yake, na vipande vyake vidogo vilibeba tarakimu mbili za mwisho za nambari yake.

Bastola ya John Browning, iliyokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka wa 1911 baada ya kupiga risasi 6,000 katika majaribio bila ya kukwama, hufunguliwa kwa usafi wa kawaida bila ya zana yoyote. Na ikibidi kuingia ndani zaidi, vipande vyake vyenyewe hutumika kutolea vingine. Katika Vita Kuu ya Pili iliundwa na viwanda kadhaa, miongoni mwao kile cha Singer, maarufu kwa cherehani, kilichounda 500 tu. Baada ya vita bastola hizo zilipopelekwa katika karakana za jeshi kutengenezwa, vipande vilitupwa katika masanduku ya pamoja, na nyingi zilirudi na mwili wa kiwanda kimoja, mtutu wa kingine, na kamani ambayo hakuna aliyejali kuuliza ilitoka wapi.